Spika Ndefu za Shangazi Khurshid

Gujranwala
3 Novemba 1994

Binti yangu Shagufta,

Pokea salamu zangu, na dada yangu Khurshid azipokee pia, maana najua barua hii itapita mikononi mwake kabla ya kufika kwako. Dada, usichoke kusoma. Mwandiko wangu ulikuwa mbovu tangu tukiwa watoto, na wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka.

Amplifaya imetoka leo kwa treni ya mizigo. Nimeichelewesha zawadi hii ya harusi miezi kumi, lakini nimeijenga kwa mkono wangu mwenyewe, tangu sanduku la mbao ya shishamu hadi skrubu ya mwisho. Zile spika mbili ndefu alizozituma mkwe wangu Iftikhar kutoka Maskati zimesimama bubu sebuleni kwenu vya kutosha.

Kuunganisha unajua, umekulia mezani pangu. Zima umeme kwanza. Kila spika ipe upande wake, na waya mwekundu uende kwenye tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi. Ukigeuza mmoja, spika hii itasukuma hewa na ile itaivuta, na sauti nene yote itapotea. Nimeijenga kwa spika za omu nane, kama spika zote nilizowahi kushika. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme usipite ovyo. Hilo namweleza dada yangu, si wewe.

Farzana hajambo, ni mwezi wa tano sasa, na machungwa ya soko zima anayamaliza yeye. Dada, siku ile tulipobadilishana mabinti, wako kwa Shahzad wangu na wangu kwa Iftikhar wako, nadhani mimi ndiye niliyekupunja. Shahzad hamwachi mkewe aende hata kwa jirani bila kumkimbilia na shali.

Shagufta, barua zako siku hizi ni fupi, na zote zinafanana. Umekuwa mvivu, au umekuwa bibi mkubwa?

Baba yako,
Fundi Inayatullah


Rahim Yar Khan
24 Novemba 1994

Mpendwa Baba,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Shangazi ni mzima. Nyumba ni nzuri na chakula ni kizuri.

Amplifaya ilifika. Siku ya Ijumaa Shangazi aliwaalika wanawake wa mtaa kwa maulidi, na kanda ya kasida ilisikika vizuri kwa dakika ishirini. Kisha ikanyamaza, ukatoka moshi. Shangazi alifedheheka sana mbele ya mke wa kanali. Anasema ndugu yake angebaki kwenye kutengeneza feni. Tunairudisha kwa treni, anaomba uitengeneze upesi.

Sina neno jingine.

Binti yako mtiifu,
Shagufta

Inayat, maneno ya feni ni yangu. Nimemwambia ayaandike kama yalivyo. Khurshid.


Chini ya bamba la chini la amplifaya
24 Novemba 1994

Baba,

Najua utaiona hii, kwa sababu hujawahi kufungua chombo chochote bila kutafuta kwanza karatasi ya ubovu. Tangu nina miaka kumi ni mimi niliyekuwa nikikuandikia karatasi hizo na kuzibandika ndani ya kila redio: ni ya nani, inaumwa nini, nani ameigusa. Leo ninajiandikia yangu.

Spika za Iftikhar ni za omu nne. Imeandikwa nyuma, niliiona siku ya kwanza. Na Shangazi ameishonea amplifaya yako joho la mahameli lenye shanga, limeachwa tundu la vitufe tu, kama alivyoshonea friji na televisheni. Nilijua omu nne zitaivuta kupita uwezo wake, na ndani ya mahameli itajipika. Sikusema. Nilikaa na wageni nikingoja. Nisamehe kwa kazi yako. Ilikuwa na sauti nzuri mno hata nikalia, wakadhani ni kasida inayoniliza.

Barua zangu ananitajia Shangazi neno kwa neno, nami naandika. Simu ina kufuli kwenye duara la namba. Geti lina kufuli, na funguo anazivaa shingoni. Kwa miezi kumi na moja nimetoka mara mbili, zote kwenda kwa daktari wa meno, na meno yalikuwa yake. Paani nisipande, majirani wataniona. Hanipigi, Baba, na ananilisha vizuri. Anasema mwanamke ambaye mumewe yuko ng'ambo akionekana njiani ni aibu ya ukoo. Nikimuuliza lini nitakuja kuwasalimu, anasema, "Iftikhar akirudi." Iftikhar harudi hadi Desemba ya mwakani. Akipiga simu, Shangazi hubandika sikio lake karibu na langu.

Nimeanza kuzungumza na feni. Nataka kutoka humu. Njoo unichukue.

Chombo kikiharibika watakirudisha kwako bila kukifungua, maana wanaogopa umeme. Ni kitu pekee cha nyumba hii kinachoruhusiwa kupita getini.

Shagufta


Chini ya bamba la chini la amplifaya
12 Desemba 1994

Shagufta wangu,

Nimeisoma karatasi yako kwa kioo cha kukuzia, mara tatu, mlango wa karakana nimeufunga. Mara ya kwanza nilikasirikia omu nne. Mara ya pili niliona haya kwamba nimekasirikia omu. Ya tatu sitaki kuisema.

Humu Khurshid hafiki, basi nitakwambia ukweli. Nikija kukuchukua leo, kesho yeye atakuja na kaka zetu wengine kumchukua Farzana. Hiyo ndiyo kanuni ya kubadilishana, unaijua: mmoja akirudishwa, wa pili naye hurudishwa, hata kama hana kosa. Farzana ana mimba. Kaka yako Shahzad akimpoteza yule, atakuwa mtu wa kukaa kitandani akitazama dari. Siku ile nilipokubali nilikuwa nacheka na kula ladu za posa, na kumbe nilikuwa najifunga mikono mwenyewe. Hawa wawili hawajui lolote kuhusu karatasi yako. Nimeificha.

Vumilia hadi Desemba ya mwakani. Neno hili linanichoma nikiliandika, lakini sina jingine. Mumeo akirudi, nitazungumza naye kama mwanamume.

Chombo nimekitengeneza. Usitumie pande zote mbili, tumia wa kulia tu. Waya mwekundu wa amplifaya uingie kwenye jekundu la spika ya kwanza. Jeusi la spika hiyo liende kwenye jekundu la spika ya pili. Jeusi la pili lirudi kwenye amplifaya. Nne na nne zitakuwa nane, na haitapata joto. Ubaya wake ni mmoja: waya wowote ukichomoka, spika zote mbili zinanyamaza. Na lile joho livuliwe. Nimemwandikia Khurshid kwenye barua ya wazi kwamba chombo cha umeme hakivalishwi nguo, hata feni.

Baba yako


Chini ya bamba la chini la amplifaya
20 Januari 1995

Baba,

Usiniambie tena neno lile.

Niliunga kama ulivyosema, na ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo tulipokosea wewe na mimi. Shangazi amefanya maulidi mara tatu tangu mwaka uanze. Wanawake wanakuja na watoto wao kusikiliza kasida ikitetemesha vikombe. Mara ya tatu mke wa kanali alimwomba Shangazi aniazime kwa siku moja tu, nikawaungie redio yao. Shangazi alicheka.

"Huyu? Huyu hatoki. Nani ataniwashia mashine yangu?"

Wageni walipoondoka nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba Iftikhar akirudi Desemba nitakuja nyumbani walau mwezi mmoja. Alikuwa anakunja mazulia, hata hakusimama. Akasema Iftikhar atakaa wiki nne na kurudi Maskati, wameshakubaliana, na mimi nitabaki hapa. "Utakwenda wapi, mwanangu? Wewe ni wa nyumba hii kama hizi spika."

Alisema kwa upole, Baba. Alikuwa ananisifu.

Basi hakuna Desemba. Jana alipoingia kuoga nilizichomoa nyaya, nikaziunga spika zote mbili sambamba kwenye upande mmoja, zikabaki omu mbili. Nikaivalisha joho lake, nikafungulia sauti hadi mwisho. Transista zilipasuka kama bisi. Shangazi alitoka mbio na povu kichwani, akanikuta nimesimama tu, naitazama. Nilishika bati la kupozea ili nione kama limewaka kweli, na kiganja changu cha kulia kimefanya malengelenge. Ndiyo maana mwandiko wangu leo ni kama wako.

Simtakii Farzana mabaya. Mtoto wake sijamwona na nampenda. Sikuombi umfukuze mtu ili mimi nipumue. Lakini juzi Shangazi aliniita kwa jina langu mara mbili, na sikugeuka, kwa sababu sikudhani ni mimi anayeitwa. Sijui nani atakuwa amebaki humu ndani mkichelewa.

Usiitengeneze upesi. Ikiwa kwako, angalau kitu kimoja chetu kiko nje.

Shagufta


Gujranwala
5 Februari 1995

Dada Khurshid,

Ramadhani njema kwako na kwa nyumba yako. Mimi mzee wa feni nimeshindwa, na nakiri kwa maandishi ili uniwekee ushahidi.

Chombo kimeungua hadi transfoma. Nimeketi nacho wiki nzima. Ukweli ni kwamba amplifaya na spika hazilinganishwi kwa barua. Nimeijenga mimi huku, spika ziko huko, na katikati kuna kilomita mia kadhaa na mkono wa mtu asiyejua anachofanya. Nazihitaji spika zote mbili mezani kwangu nizipime kwa siku kumi, nijenge kitu kinachozifaa zenyewe.

Na namhitaji huyo aliyeziunga. Kosa limo mikononi mwake, dada, wala sitamtetea kwa kuwa ni damu yangu. Anionyeshe aliunga nini na nini, hatua kwa hatua, nami nitamgombeza mbele ya mafundi wote mpaka akome. Shahzad atakuja na pikapu ya rafiki yake baada ya Idi. Shagufta hatapanda basi, wala hatakaa na watu baki, atakuwa na kaka yake mwenyewe.

Nakuahidi kasida zako zitasikika hadi stesheni. Mke wa kanali atakuja bila kualikwa.

Ndugu yako,
Inayat


Rahim Yar Khan
20 Februari 1995

Inayat,

Hatimaye umekiri. Barua yako nimewasomea wanawake wote, nao wamecheka mpaka wakakaribia kubatilisha saumu.

Chukua spika. Zifungwe kwa magodoro, na majoho yake yasivuliwe njiani, kuna vumbi. Shagufta atakuja nazo, kwa sababu mke wa kanali sasa amenunua za kwake kutoka Karachi na sitaki kusikia habari zake mwaka mzima. Siku kumi. Si kumi na moja. Akae ndani kwako kama anavyokaa kwangu.

Na nikwambie jambo usilolisahau. Binti yangu yuko kwako. Wewe ni ndugu yangu, lakini mimi nimewahi kurudishwa kwetu kwa kosa la mwanamke mwingine, mtoto akiwa kifuani. Kwa hiyo najua mambo hayo yanavyofanywa, na najua jinsi ya kuyafanya.

Mwambie Farzana apunguze machungwa, yanafanya mtoto awe mweusi.

Khurshid


Gujranwala
20 Machi 1995

Mama,

Ni mimi Farzana, na barua hii hakuna aliyenitajia.

Shahzad anaondoka leo na pikapu. Amebeba spika zako mbili na amplifaya. Mjomba Inayat na Shagufta wameijenga upya yote: transfoma ya volti ndogo na waya mnene, transista nne kila upande, na zile spika za omu nne imezikubali bila kupata joto. Nimeiwekea kiganja baada ya saa tatu, ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Sasa kila spika ina upande wake, na ukichomoa moja, nyingine inaendelea kuimba. Shagufta ameandika maagizo kwa herufi kubwa na kuufunga kila waya kitambaa cha rangi ya tundu lake. Utaunga mwenyewe, huhitaji mtu.

Shagufta hayumo kwenye pikapu. Kaa chini kwanza, Mama, ndipo uendelee kusoma.

Usimlaumu Mjomba peke yake. Macho yake yameingia ukungu, na mwezi wa Januari alinipa bisibisi nimfungulie skrubu za chini. Nikaiona karatasi kabla yake. Nilianza kuisoma kwa sauti nikidhani ni ya ubovu, kama nyingine zote. Nilipofika kwenye jina langu nikaendelea kuisoma kimoyomoyo. Akajaribu kuninyang'anya, kisha akakaa juu ya kreti la betri akalia mbele yangu, mkwewe, mzee yule anayejisifu mchana kutwa. Ndipo akanitolea na ile ya kwanza, alikuwa ameificha ndani ya kopo la lehemu. Wazo la kuomba spika zije pamoja na aliyeziunga ni langu. Nakujua, Mama. Mtu usingemtoa, lakini mashine ungeitoa.

Alipofika, Shahzad alimfungulia mlango wa pikapu, na Shagufta akabaki amekaa. Alikuwa anangoja aambiwe ashuke. Mlango uko wazi, kaka yake amesimama pale, na yeye ameketi na mikono mapajani. Ilinibidi nipande na tumbo langu nimshike mkono. Sitaisahau siku hiyo hadi nife.

Ile habari ya kurudishwa kwako nilikuwa naijua, Bibi alinisimulia. Mke wa Mjomba Nazir, dada yake Baba mliyebadilishanwa naye, alikimbia kwenda kwao, na kaka zako wakaja kukuchukua ukiwa unamnyonyesha Iftikhar. Miaka miwili hukuiona nyumba yako, na Baba hakuruhusiwa hata kukutumia barua. Kwa hiyo ukafunga geti. Ulimfungia Shagufta ili mimi nisije nikachukuliwa. Nimelielewa hilo, na usiku na mchana naona haya kwa ajili yake. Mimi nilikuwa huku nachekeshwa na kuvishwa shali, kumbe funguo za furaha yangu zinaning'inia shingoni mwako, zikimfungia mtu mwingine. Ulinilinda, Mama, nakushukuru, na sitaki tena kulindwa hivyo.

Basi nisikilize. Shagufta harudi huko. Iftikhar akimtaka mkewe, aje hapa mwenyewe amwombe, na amwambie atakaa naye wapi. Shagufta atamjibu kwa kinywa chake, sijui atajibu nini na sitamuuliza.

Na mimi pia sirudi. Kaka zako wengine wakija, nitasimama mlangoni niseme hapana mtaa mzima usikie, na nitalisema tena mbele ya kadhi. Shahzad amesema atasimama pamoja nami. Alisema huku anatetemeka, lakini alisema. Siku ile walipokuja kukuchukua, nadhani hakuna aliyekuuliza unataka nini. Mimi sikungoja kuulizwa.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na mbili. Ni msichana, ana paji lako la uso, na si mweusi wala mweupe, ni mwekundu kwa kulia. Jirani mmoja alikuja kumwona akatania kwamba amepata wa kubadilishana na mwanawe. Shagufta alimtoa nje na kikombe chake cha chai mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda tangu afike, na Mjomba alicheka hadi akakohoa.

Njoo umpakate mjukuu wako. Kitanda chako nimekitandika karibu na dirisha, na hakuna atakayekusema neno baya katika nyumba hii, nimewaapisha. Ila njoo na begi lako peke yako, Mama, maana hakuna mtu wa kurudi nawe.

Binti yako,
Farzana